Dizeli inayopikwa uani: tuseme na hatari ya mpikaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na vijana wanaojifunza kwenye simu namna ya kugeuza mafuta yaliyokaangiwa chipsi yawe dizeli, na zaidi niseme na mafundi wenzangu tunaowashauri. Kazi yangu ni pampu na nozo za injini za dizeli, zile zinazosukuma na kupulizia mafuta ndani ya injini, hapa Igogo, Mwanza, mwaka wa 23 sasa.

Mwaka jana mteja wangu mwenye mashine ya kusaga, nje kidogo ya mji, alianza kutia kwenye tangi mafuta aliyonunua kwa dumu kwa wakaanga samaki wa Mwaloni Kirumba. Aliyachuja kwa kipande cha kanga, basi. Ndani ya miezi minne nikafungua nozo zake mara mbili. Nchani zimeota kaa gumu, ringi zimeganda kwenye pistoni, na oili ya injini imekuwa nzito kama uji wa ulezi. Nikamwambia, mzee, mafuta haya yakiingia hivihivi yanaua injini. Ukitaka kuyatumia, yageuze kwanza yawe biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya kupikia. Nilisema kweli. Ila niliishia hapo. Sikumweleza huko kuyageuza kunatumia nini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kijana anayemsagia alitafuta mwenyewe maelezo, akapata dumu la methanoli, spiriti ya viwandani inayowaka upesi, na mfuko wa kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni. Siku hiyo nilikuwepo, nimekwenda kufunga pampu. Mchana kweupe, alimwaga methanoli kwenye sufuria ya kawaida, akatia kostiki, akaanza kukoroga. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni, nayo ni gesi inayowaka. Sufuria ikageuka nyeusi, ikaanza kutoa povu. Kijana akashtuka, akaiinua aitoe nje, ikamwagika. Hatua chache pembeni palikuwa na jiko la mkaa alilokuwa amepashia mafuta. Hatukuona moto. Nilichoona mimi ni ndala yake inajikunja mguuni, ndipo akapiga kelele. Methanoli safi ikiwaka juani, mwali wake ni wa samawati hafifu mno, waweza kusimama karibu nao usiuone.

Tulimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Mguu umepona na kuacha kovu. Tone la ule mchanganyiko lilimwingia jicho la kushoto, na mpaka sasa anasema anaona kama vile amefunikwa nailoni. Hospitali walituuliza tulimwosha jicho kwa muda gani. Tulimwosha kama dakika mbili tukaona inatosha, tukakimbilia bodaboda. Kumbe kostiki ikiingia jichoni ni maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi bila kuacha, huku usafiri unatafutwa. Usitie ndimu wala siki.

Maelezo yale ya kwenye simu hayasemi uongo kuhusu injini. Biodizeli iliyopikwa vizuri na kuoshwa vizuri ni nyepesi, nozo inaipenda, na hata kuihifadhi ni salama kuliko dizeli ya sheli, kwa sababu haishiki moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 100, wakati dizeli hushika ikipita 50 na kidogo. Hatari iko kwenye kuipika. Kwa lita 100 za mafuta unahitaji methanoli kama lita 20. Mvuke wa methanoli hushika moto kuanzia nyuzi 11 au 12 tu, na Mwanza ni nadra kupata baridi hiyo hata alfajiri ya Julai. Maana yake dumu likifunguliwa hapa kwetu, muda wote liko tayari kuwaka. Tena wanaelekeza upike kwenye nyuzi 55 hadi 60, na methanoli yenyewe inachemka kwenye 65. Nani anaweza kuzuia jiko la mkaa lisipande nyuzi tano?

Halafu ni sumu. Inaingia kwa kuvuta hewa yake, inaingia kwa ngozi, na akiinywa mtu anaweza kujiona mzima saa 12 hadi 24 kabla macho hayajaanza kufifia. Haina rangi, inanukia pombe. Nimeona kwa macho yangu imewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya meza, kwenye nyumba yenye watoto watatu.

Sasa yule anayetia mafuta bila kuyageuza. Huyu naye ana hasara, lakini hasara yake naweza kuifunga na kuifungua kwa spana. Mafuta ya kupikia ni mazito mara kumi na zaidi kuliko dizeli, kwa hiyo nozo haiwezi kuyapulizia yakawa ukungu. Yanatoka kama mchirizi, hayaungui yote, yanayobaki yanateremka kwenye oili. Wenye kujua hutumia matangi mawili: wanawasha kwa dizeli, maji ya injini yanapasha mafuta mpaka nyuzi 70 au 80, ndipo wanahamia, na kabla ya kuzima wanarudi kwenye dizeli. Kwa injini za zamani za mwendo mdogo, zile za mtindo wa Lister za mizunguko 650 kwa dakika, inafanya kazi mradi mafuta yametulia wiki nzima, yamechujwa kwa filta ya kweli, na oili inabadilishwa mapema kuliko kawaida. Kupima maji ni rahisi: dondosha mafuta kidogo kwenye kikaango cha moto, yakilia ta-ta-ta bado yana maji. Mafuta yaliyokaangiwa sangara yaacheni kabisa. Yana mafuta ya samaki ndani yake, nayo yakipata joto na hewa yanaganda kama vanishi. Na magari mapya yenye pampu za kielektroniki msiyaguse, pampu hizo zinasukuma kwa shinikizo la baa zaidi ya 1,000 na hazisamehe.

Watu hupenda kunikumbusha kwamba mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli. Lakini ile haikuwa Fuso.

Kuna na wanaozimua mafuta kwa petroli ili yawe mepesi. Hao nawaomba waache leo. Petroli kidogo tu ndani ya tangi inafanya mvuke wa tangi zima uwake kama wa petroli.

Kwa hiyo ushauri wangu nimeubadilisha. Mtu akija gereji na dumu la mafuta ya chipsi, namwambia kama ana injini ya zamani na matangi mawili ajaribu, nozo tutabadilisha. Kama anataka biodizeli, asipike nyumbani. VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo wako Nyakato, hapa hapa Mwanza. Naomba wafikirie banda moja la wazi, lenye mtungi wa chuma unaofungwa, upashaji wa joto usio na moto, glavu, miwani na maji ya bomba karibu, vijana wafundishwe pale na kupikia pale. Na yale maji ya kuoshea biodizeli, yaliyojaa sabuni na kostiki, yapate pa kwenda. Sasa hivi yanamwagwa mitaroni, yanaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani.

Jambo la mwisho ni swali, Mhariri. Biashara ya methanoli iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003. Dumu la yule kijana bado lina lita kama 15. Liko nyuma ya mashine, tumelifunika kwa turubai na kulizungushia miiba ili watoto wasifike. Mwenye mashine kila akiniona ananiuliza alipeleke wapi, nami sijui. Naomba gazeti lako liwaulize wahusika, na jibu litoke kwenye ukurasa huu huu, maana naamini dumu hilo haliko peke yake.

Fundi wa pampu na nozo,
Igogo, Mwanza