Miti bilioni 15 ipandwe mahali itakapounganisha misitu

Mhariri,

Mimi huotesha miche karibu na Mto Yala, huku Hamisi, Kaunti ya Vihiga. Wateja wengi wanaofika kitaluni huulizia mkaratusi. Siwalaumu. Nguzo za mkaratusi hupata mnunuzi upesi, na karo haingoji. Kinachonikera ni kwamba serikali nayo inahesabu miti bila kusema ni mti gani uende wapi.

Desemba 2022 ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mwezi uo huo, kule Montreal, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya ardhi na maji ya dunia kufikia 2030, na maeneo hayo yawe yameunganishwa. Sijaona bado mipango hii miwili ikikutanishwa huku magharibi.

Msitu wetu umebaki vipande. Kakamega, ambao ndio ncha ya mashariki ya misitu ya mvua inayotokea Kongo, uko upande mmoja. Nandi Kusini na Nandi Kaskazini ziko upande wa pili. Kisere, Malava na Kaimosi zimejitenga pembeni. Katikati ni mahindi, miwa, chai na maboma. Mwaka jana nilimwona mbega akivuka shamba lililokwisha kuvunwa, mkia wake mweupe ukiburutika juu ya mabua, mbwa wa kijiji wakimfuata. Mbega ni mnyama wa juu mitini, chini hana mbio. Aliufikia mti wa lusiola uliosimama mpakani, akapanda, akakaa humo mpaka jioni mbwa walipochoka. Mpakani hapo hapakuwa na mti mwingine.

Ndege wadogo wa msituni hata hawajaribu kuvuka. Ukanda wa chai wa Nyayo, uliopandwa kandokando ya msitu kuanzia 1986, umesaidia sana kuwazuia watu wasiumege msitu, nami nautetea. Ila kwa ndege aliyezoea kivuli cha vichaka, ukanda huo ni uwanja mtupu asioweza kuupita.

Ndiyo maana nasema tuanze na mito. Yala unatoka milima ya Nandi, unapita kando ya msitu wa Kakamega, unateremka hadi Kinamasi cha Yala kabla ya kumwagika katika Ziwa Victoria. Kule kwenye mafunjo bado yuko nzohe, swala wa kinamasini, na katika Ziwa Kanyaboli bado yuko ngege, samaki aliyetoweka karibu kote katika ziwa kubwa baada ya mbuta (sangara) kuletwa. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mto uachwe, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Kwetu mikaratusi imepandwa mpaka majini. Ukingo huo ukirudishiwa miti ya asili kama mutere, mukumu, musutsu na lusiola, tutakuwa na njia moja ya miti kutoka milimani hadi ziwani, na hakuna atakayehamishwa kwake.

Ripoti ya njia za wanyama iliyotolewa na serikali 2017 ilihusu nyanda za malisho na pwani. Ilikuwa kazi ya maana, maana tembo na nyumbu wanazihitaji njia hizo. Lakini mpango wa taifa zima hauwezi kukoma pale tembo wanapokoma. Na kuunganisha si jambo geni kwetu: mwaka 2011 UNESCO iliyaorodhesha maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria kuwa urithi mmoja wa dunia, na sababu mojawapo ni kwamba heroe (flamingo) hawakai ziwa moja. Ndege huruka. Mnyama aliye ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyozungushwa ua pande zote, hutoka kwa kupakiwa kwenye lori.

Majirani zangu watauliza: je, kima wakiifuata hiyo miti hadi kwenye mahindi? Swali hilo ni la haki, hata mimi nimeliwa mahindi. Basi kati ya miti ya mto na mahindi pawe na chai au majani ya nepia, na mwenye shamba aruhusiwe kuweka mizinga ya nyuki ukingoni na kukata majani ya ng'ombe. Asipopata kitu, miche itang'olewa usiku. Vilevile wapangaji waje wakae na wazee wa Kitiriki, jamii yetu ya hapa Hamisi. Vichaka vyetu vya jando vina miti ya asili ambayo haiguswi, na vingine viko pale pale ambapo ndege angehitaji kutua akitoka Kaimosi kwenda Kakamega. Viingizwe katika mpango kwa idhini ya wazee, vibaki mikononi mwao.

Naziomba kaunti za Nandi, Vihiga, Kakamega na Siaya ziketi pamoja na Shirika la Wanyamapori (KWS), Shirika la Misitu na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, zipige vigingi vya ukingo wa Yala, kisha zituambie wenye vitalu mapema. Mbegu ya mutere yaweza kukaa miezi udongoni kabla ya kuchipua. Miche ya mvua za Machi haiwezi kuagizwa Februari, na oda itaje aina ya mti na sehemu ya mto utakapopandwa.

Mwotesha miche,
Hamisi, Vihiga