Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbwa wa Uwanjani ndiye Mbwa wa Nyumbani

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya michezo ya mbwa,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi wa kamati. Mahesabu nimemwachia Mweka Hazina, na kumbukumbu za vikao ziko kwa Katibu. Nyaraka zote mbili mmeshagawiwa. Naomba mzisome, maana kila mwaka hakosekani wa kusimama na kuuliza jambo lililoandikwa ukurasa wa kwanza. Mimi nitayagusa mashindano kwa kifupi, kisha nitakaa kwa kirefu kwenye suala lililoichosha kamati tangu mwaka uanze, nalo ni watu wanaochagua mbegu ya mbwa kwa kutazama nani kapanda jukwaa la washindi.

Nianze na ajiliti, mchezo wa mbwa kupita vikwazo kwa kasi akiongozwa na mtu wake, kwa kuwa ndiyo iliyotuletea wanachama wapya wengi. Mchezo wenyewe si wa zamani. Ulionyeshwa mwaka 1978 jijini London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, ukiwa burudani ya kujaza muda uwanjani, na wazo lake lilitokana na mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Leo kuna ubingwa wa dunia, waamuzi wenye leseni na vipimo vya kila kikwazo. Mbwa hukimbia bila kamba, mwongozaji haruhusiwi kumgusa, na upau wa kiunzi ukianguka ni adhabu ya pointi 5. Washindani wetu hawana tatizo la kasi. Wanapoteza pointi kwenye zile sehemu zilizopakwa rangi nyingine chini ya vikwazo vya kupanda na kushuka, ambako mbwa lazima akanyage kabla ya kwenda kikwazo kinachofuata. Wapo wanaoiona sheria hiyo kama uchokozi wa waamuzi. Iliwekwa ili mbwa asijirushe kutoka juu na kuumiza mabega. Kwa hiyo mazoezi ya sehemu hizo yataongezwa, hata kama hayapendezi kuyatazama.

Kundi la kunusa limekua kimyakimya. Mchezo huu ulichukua kazi ya mbwa wa upelelezi ukaigeuza kuwa shughuli ya mtu yeyote: harufu, kwa mfano ya karafuu, hufichwa chumbani, kwenye masanduku au kando ya gari, na mbwa huitafuta akiwa peke yake na mtu wake. Kwa kuwa mbwa hawakutani, mzee, mwoga, kiziwi na aliyekatwa mguu wote wana nafasi. Kama kungekuwa na mchezo mmoja tu wa kumshauri mwanachama mpya, mimi ningetaja huu, na najua ndugu zangu wa ajiliti watanuna.

Timu ya flyball bado ina shida ileile ya mbwa mfupi. Mbwa wanne hupokezana, kila mmoja akiruka viunzi vinne, akikanyaga kisanduku kinachotupa mpira na kurudi nao. Urefu wa viunzi hupangwa kwa kufuata mbwa mfupi kuliko wote katika timu. Matokeo yake, timu yenye mbwa watatu wakubwa wenye mbio humtafuta wa nne mdogo kama dhahabu. Aliye naye ajitokeze, mradi mbwa awe anastahimili kelele. Na mwenye mbwa pia.

Upande wa IGP, ambayo wakongwe bado wanaiita Schutzhund, tuna waongozaji wachache lakini makini. Mtihani huu ulianza Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita ili kupima kama German Shepherd anafaa kwa kazi na kwa kuzalishwa. Una sehemu tatu, yaani kufuata nyayo, utiifu na ulinzi, na lazima mbwa afaulu zote tatu. Kila mwaka nalazimika kurudia kwamba haya si mafunzo ya kumfanya mbwa awe mkali. Kabla ya kufika huko mbwa hupita mtihani wa BH, ambao ndani yake hupelekwa barabarani kati ya watu, baiskeli na kelele ili ionekane kama anatulia. Na katika sehemu ya ulinzi, mbwa aking'ang'ania mkono wa kinga hata baada ya amri kurudiwa, anaondolewa mashindanoni. Anayetaka mbwa wa kutisha wapita njia asijaze fomu yetu.

Sasa suala lenyewe. Mwaka huu kamati ilipokea simu za aina moja mara nyingi mno. Mtu ametazama mashindano, ameona Border Collie au Malinois, mbwa mchungaji wa Ubelgiji anayetumiwa sana na polisi, anashinda, amenunua mtoto wa mbwa, na baada ya miezi anatafuta wa kumpa. Wengine walikuwa wanachama wetu, si wapita njia. Sitawataja, na naomba asiwepo wa kuwataja kwenye mjadala.

Border Collie anashinda kwa sababu kazi ndiyo iliyomuumba. Wachungaji wa vilima vya mpaka wa Uskoti na Uingereza walimchagua kwa jinsi anavyofanya kazi na kondoo, kizazi baada ya kizazi. Mashindano ya mbwa wa kondoo yalifanyika Bala, Wales, tangu mwaka 1873, wakati klabu kubwa za mbwa zilikuja kumwandikisha kama mbegu rasmi miaka mingi baadaye: Uingereza mwaka 1976 na Marekani mwaka 1995. Aliyerithi macho ya kufuata kitu chochote kinachosogea hayaachi macho hayo mlangoni. Kama hakuna kondoo, atachunga watoto, baiskeli, au kivuli chake ukutani, tena kwa saa nyingi bila kuchoka. Kwa anayeweza kumpa kazi na pia kumfundisha kupumzika, sijui mwenza bora zaidi. Wengi hufanya nusu ya kwanza tu: wanamkimbiza zaidi na zaidi, na wanachopata ni mbwa yuleyule asiyetulia, ila sasa ana pumzi za mwanariadha.

Malinois ni hadithi hiyohiyo ikiwa na meno. Husky wa Siberia alizalishwa ili avute sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, masafa marefu kwenye baridi. Kumlaumu kwa kuvuta kamba ni kumwonea, na wenye kukimbia naye kwa kanikrosi, mbwa mbele na mtu nyuma kwa mkanda wa kiunoni, wanalijua hilo na wanalifurahia. Poodle, ambaye watu humcheka kwa nywele, alikuwa mbwa wa kuokota ndege majini, na yule mkubwa hufanya vizuri karibu mchezo wowote. Papillon ana uzito wa kilo chache na akili ya kushangaza. Katika ajiliti ya mbwa wadogo ni tishio, na nyumbani hulala mapajani. Labrador ni mwepesi kufundishwa kwa sababu moja kubwa: chakula. Watafiti wa Cambridge mwaka 2016 walieleza kasoro ya jeni liitwalo POMC, ambayo karibu robo ya Labrador waliopimwa walikuwa nayo, inayohusiana na hamu kubwa ya kula na uzito. Kwa hiyo mwanachama anayeapa kwamba Labrador wake ana njaa saa zote huenda anasema kweli, lakini bado mimi nitambana kuhusu uzito, kwa sababu viungo ndivyo vinavyolipa.

Lakini mbegu haisemi yote, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kidogo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 pamoja na vinasaba vya zaidi ya 2,000. Watafiti waligundua kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kufuata maelekezo ya mtu ndio ulioonekana kufuatana na mbegu zaidi ya tabia nyingine. Ubaya wa tarakimu kama hii ni kwamba kila mtu huinukuu upande wake. Mimi naisoma hivi: jina la mbegu linakupa uelekeo, wazazi wa mbwa wanakupa habari zaidi, na mbwa mwenyewe aliye mbele yako anakupa zaidi ya hapo. Ndani ya mbegu moja kuna koo za kazi na koo za maonyesho, na German Shepherd wa ukoo huu anaweza kuwa mtu mwingine kabisa kwa yule wa ukoo ule. Kununua bila kumwona hata mama wa mtoto wa mbwa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wenye mbwa chotara msijisikie wageni hapa. Mwaka 2024 bingwa wa ajiliti kwenye maonyesho ya Westminster kule New York alikuwa Nimble, mchanganyiko wa Border Collie na Papillon, na alikuwa chotara wa kwanza kushinda taji hilo. Tena alikuwa wa kundi la wafupi.

Afya nayo. Anayenunua mbwa wa kuruka na hajauliza picha za nyonga za wazazi, zile zinazopewa daraja kuanzia A hadi E, anacheza bahati nasibu. Katika koo za Collie na Australian Shepherd ulizeni pia kipimo cha jeni la MDR1, kwani wenye kasoro hiyo wanaweza kudhurika vibaya na baadhi ya dawa za kawaida, ikiwamo ivermektini kwa kiwango kikubwa. Na mzalishaji anayewapandisha mbwa wawili wote wenye rangi ya marumaru, ile inayoitwa merle, mwondokeeni: kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi rangi hiyo pande zote mbili, na hao wako hatarini kuzaliwa viziwi au vipofu. Wenye pua fupi nawapenda, nimewahi kuishi nao, lakini mbwa hujipoza kwa kuhema, na asiyeweza kuhema vizuri hapaswi kukimbizwa juani. Kwao kuna kunusa, na kuna mazoezi ya utiifu asubuhi.

Kuhusu umri, kamati ilimrudisha mbwa mmoja mlangoni mwaka huu na lawama zikaja. Msimamo haujabadilika. Mifupa ya mbwa mchanga bado ina sehemu laini za kukua, ambazo kwa mbegu kubwa huchelewa kufunga, na ndiyo maana shirikisho la kimataifa la FCI haliruhusu mbwa kushindana ajiliti kabla ya miezi 18. Kabla ya hapo afundishwe handaki, kugeuka, kusubiri na upau uliolazwa chini. Hakuna kombe litakalomlipa goti.

Naomba pia tufanye hesabu isiyohitaji Mweka Hazina. Raundi moja ya ajiliti kwa kawaida haifiki dakika moja. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 14 au zaidi kidogo, na miaka ya kushindana ni sehemu tu ya hiyo: kabla yake kuna utoto, na baada yake kuna uzee wa kutembezwa polepole. Muda uliobaki wote anaishi na wewe akiwa hana la kufanya. Ndiyo maana tunapomshauri mtu, swali letu la kwanza halipaswi kuwa anataka kushinda nini. Tumuulize siku yake ikoje. Nani atamtoa mbwa siku mwenye mbwa akiumwa? Manyoya ndani ya nyumba atayavumilia? Majirani watavumilia kubweka? Mbwa akionyesha kwamba hapendi mashindano, atabaki? Aliyesita kwenye hilo la mwisho tumshauri asubiri kwanza.

Na tusiwasahau mbwa wazima. Mbwa wa miaka miwili kutoka kituo cha waliotelekezwa, au aliyerudishwa kwa mzalishaji, tabia yake inaonekana, nyonga zake zinaweza kupigwa picha yenye majibu ya kuaminika, na anaweza kuanza mazoezi ya kweli mara akizoea nyumba. Wengi hapa wanaamini lazima uanze na mtoto. Mimi siamini, na baadhi ya mbwa watulivu zaidi katika viwanja vyetu wanaunga mkono upande wangu.

Hoja ya kamati ni hii: anayeomba kujiunga ili atafute mbwa wa michezo ahudhurie kwanza msimu mmoja wa mazoezi bila mbwa, akibeba viunzi na kuandika muda, na apewe mwanachama mlezi wa kumtembelea nyumbani na kuketi na mbwa wa mbegu anayoitaka. Awatazame wakiwa wamelala, wakipiga kelele, wakigonga mlango. Mlezi hatakuwa na mamlaka ya kumzuia mtu kununua. Wajumbe wawili wa kamati waliipinga kwa hoja kwamba tutawafukuza vijana wenye haraka, na wao watapewa nafasi ya kueleza. Nami nimesema upande wangu.

Nawashukuru wakufunzi wanaojitolea, waliofyeka uwanja, na madaktari wa mifugo waliokaa juani nasi siku za mashindano. Nafasi ya makamu mwenyekiti iko wazi, na fomu ziko kwa Katibu. Hoja itapigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Wakati wa kura, tafadhali mbwa wote wabaki nje ya ukumbi, pamoja na wangu.

Mwenyekiti