Kwa nini Jumamosi zangu nimewapa mbwa waliotupwa

Ndugu Mhariri,

Kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara, na wakati mwingine huulizwa kwa ukali: inakuwaje mtu mzima atumie Jumamosi yake kufagia mabanda ya mbwa koko, ilhali binadamu wenye shida wamejaa kila upande? Hata dada yangu mkubwa, ambaye neno lake huwa nalisikiliza sana, ameniuliza. Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu yeye na wenzake.

Lipo jibu la kiafya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila kumi wanaokufa, kama wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Lakini asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kila mbwa anayeingia kwenye kituo ninachojitolea huchanjwa, hupewa dawa ya minyoo, hutolewa kupe, kisha dume huhasiwa na jike hufungwa kizazi. Kwa hiyo anayewahurumia watoto wa watu asituone kama tumewaacha.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa sijasema ukweli wote, maana si takwimu zinazoniamsha alfajiri.

Aliwahi kuletwa jike mmoja wa rangi ya kahawia, shingo imechimbwa na waya aliokuwa amefungiwa. Kidonda daktari wa mifugo alikishughulikia, kikapona. Hofu ndiyo iliyobaki. Alijibanza pembeni mwa banda, mkia umeingia katikati ya miguu, na hakugusa chakula mtu akiwapo. Waliotutangulia katika kazi hii walinifundisha la kufanya, nalo karibu lote ni la kujizuia: ingia polepole, keti chini ubavu ubavu, usimkazie macho, usimnyooshee mkono juu ya kichwa. Akipiga miayo au akijilamba midomo wala hakuna chakula, ujue ana wasiwasi, rudi nyuma kidogo. Basi nilikuwa naketi. Mara nyingine nilisoma gazeti hili kwa sauti ya chini ili aizoee sauti yangu. Wiki zikapita, yeye kule, mimi huku. Siku moja akaja mwenyewe, akaninusa kiatu, akalala pale pale akaniegemea.

Nimefanya kazi ya ofisini kwa miaka mingi, nikapandishwa cheo na kupongezwa, na nashukuru. Lakini sikumbuki siku kazini kwangu nilipojaa furaha kama ile. Pale ofisini ukiongeza bidii mambo huenda haraka. Kwa mbwa aliyeteswa haraka haisaidii kitu. Kinachosaidia ni wewe kufika, saa ile ile, ukiwa mtu yule yule wa juzi. Mimi nilikuwa mtu wa pupa, na watu wa nyumbani ndio walioanza kuona nimebadilika: nasikiliza mpaka mwenzangu amalize.

Wengi hudhani uchungu mkubwa ni kumpa mtu mwingine mbwa uliyemlea. Uchungu upo, lakini una utamu wake. Huwa tunaiambia familia inayomchukua isitarajie makubwa: siku tatu za kwanza mbwa huwa kama amepotea, wiki tatu anaanza kuelewa ratiba ya nyumba, na huenda miezi mitatu ikapita kabla hajatulia kabisa na kujiona wa pale. Yule wa kahawia amepata kwake. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikarudi kituoni, banda lake likiwa tayari lina mwingine.

Uchungu usio na utamu ni pavo. Virusi vyake huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, na huweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Tunasugua sakafu kwa dawa ya klorini, tunabadilisha viatu kila tukitoka banda moja kwenda lingine, na bado wengine tunawazika. Siku kama hizo wenzangu ndio hunishika mkono. Mmoja wao ni mzee aliyefiwa na mkewe, si msemaji, lakini baada ya mazishi hayo hakuna anayeondoka mpaka ametuzungukia sote. Urafiki wa namna hii sikuwa nao kabla.

Wanaotaka kujiunga wasidhani lazima washike mbwa. Kuna blanketi za kufua, kumbukumbu za chanjo za kuandika, familia za kupigiwa simu. Watakaoshika mbwa wamwone daktari kwanza kuhusu chanjo yao wenyewe ya kichaa cha mbwa, na yeyote akiumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji tele kwa dakika 15, kisha aende hospitali. Na tafadhali, ahidi muda mfupi utakaoutimiza. Saa mbili kila wiki ni bora kuliko siku nzima ya shauku kisha usionekane tena.

Ndugu Mhariri, tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hupangwa karibu na siku hiyo. Nakuomba gazeti lako litangaze mapema mahali chanjo zitakapotolewa na vituo vinavyohitaji watu wa kusaidia kuwashika mbwa na kuandika kadi, kwa kuwa siku hiyo watu huwa hawatoshi.

Wako,
Msomaji wako wa siku nyingi