Iache Hiyo Sanamaki, Mwanangu

Langoni, Lamu
Februari 2021

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Dadako ameniambia unakula mara moja tu kutwa, na usiku unakunywa chai ya sanamaki ili upungue kabla ya harusi. Tangu anieleze sina raha.

Sanamaki ni dawa ya kuendesha, mama. Ukiinywa ukapanda mizani asubuhi utaona umepungua, lakini kilichotoka ni maji na choo. Mafuta yako palepale. Bibi yako alitupa tulipofunga choo, siku moja, basi. Ukiinywa kila siku mwili unapoteza maji na chumvichumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa. Imwage leo.

Wala usione haya. Wangapi hawakunenepa? Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, ikifika saa moja jioni kila mtu yuko ndani. Nawe wajua mji wetu ni wa kwenda kwa miguu: sokoni, chuoni, kwa jamaa, na usiku kushuka pwani kupunga upepo. Ghafla hakuna pa kwenda. Ramadhani ile misikiti imefungwa, tukawa twafuturu kaimati, sambusa na viazi karai, kisha twalala. Idi ilipofika, gauni langu halikufunga.

Mimi nilianza na sukari ya chai, maana chai kwetu haikatiki kutwa. Kutoka vijiko vitatu nikashuka viwili, hata ulimi ukazoea kimoja. Mahamri yakawa ya Ijumaa. Mbaazi sikuziacha kwa sababu zinashibisha, ila tui nimelipunguza. Samaki nachoma, sikaangi. Tena kukipambazuka natoka na jirani, twafuata pwani hadi Shela na kurudi, maji yakiwa yametoka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, nasi twazipata huku twazungumza. Mwanzoni mizani haikusogea hata kidogo, nikaendelea vivyo hivyo. Magoti ndiyo yaliyotangulia kupata nafuu, nguo zikafuata.

Nusu kilo kwa wiki yatosha kabisa. Anayekuahidi kilo tano anakuuzia maji yako mwenyewe. Kula asubuhi, hata yai na chungwa, kwa sababu ukishinda na njaa usiku utakula bila kipimo. Ramadhani ikija, hapo Aprili, fungua kwa tende na maji, uswali magharibi, ndipo ukae kwenye sinia.

Na hili nakuamrisha: babu yako alikuwa na sukari na presha, kwa hiyo Jumatatu nenda ukapime vyote viwili, kisha nipigie simu. Vipimo vya gauni nitumie vile ulivyo sasa, fundi anakata kitambaa wiki ijayo.

Mamako