Maziwa ya usiku

Langoni, Lamu

Kwako shoga yangu Saumu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika. Pale uliposema wakesha mpaka waadhini alfajiri macho makavu, nimeumia, maana nayajua. Baada ya matanga ya baba nilikaa hivyo wiki mbili.

Kilichonisaidia ni maziwa ya bibi. Baada ya Isha nateleka kikombe kimoja moto mdogo, naponda iliki mbili, nazitia na maganda yake. Yakianza kufura naepua, hayachemki. Nanywa polepole na malai yake juu.

Nikataka kujua sababu. Kumbe ndani ya maziwa mna kijenzi cha protini kiitwacho triptofani. Mwili hukitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo, kisha melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa usiku umeingia. Lakini sikufichi, shoga: kikombe kina kama miligramu 100 tu, na mlango wa kuingia ubongoni hugombewa na vijenzi vingine vilivyo vingi zaidi. Kipande cha mkate wa mofa husaidia kidogo, kwani wanga huamsha insulini, homoni ya kusimamia sukari mwilini, nayo huvipeleka vile vingine kwenye misuli, triptofani ikapata njia.

Kwa hivyo mimi naamini kazi kubwa ni ya mazoea. Saa ile ile, kikombe kile kile, harufu ya iliki. Siku zikipita mwili hujua kinachofuata ni kulala. Na huo umoto wake hutuliza. Simu naiacha kwenye kidaka cha ukumbini, siingii nayo chumbani. Hili nakusihi sana.

Chai ya rangi iache kuanzia alasiri. Ile kafeini yake, inayofukuza usingizi, ukipita muda wa saa tano hivi nusu yake bado i mwilini, na wewe najua wanywa hadi saa nne usiku.

Tumbo likikunguruma usijilazimishe. Watu wazima wengi wa kwetu miili yao haisagi vyema sukari ya maziwa. Anza na nusu kikombe, au unywe mtindi. Na ukipita mwezi bado wakesha, nenda kwa daktari, usinunue vidonge dukani.

Nakutumia iliki kwa basi la kesho, zimo kwenye kikopo cha bati. Nyingine ni za mama yako, mpe na salamu zangu. Niandikie usiku wa kwanza umekuwaje.

Wako,
Mwanaidi