Mdogo wangu, pipa la yule mjane halikujaa

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, nikaurudia asubuhi nikiwa kwenye daladala. Nimeamua kukujibu hapa, mbele za watu, jina lako nikiliacha, maana swali lako wengi wanaliuliza kimoyomoyo: kama kweli Mungu anatuona, mbona anatupa ya kutufikisha jioni tu? Nusu kilo ya unga kwa Mangi, mafuta ya kupima, umeme wa elfu moja. Kesho unaanza upya.

Kuuliza hivyo si kukosa imani. Asiye na imani hana wa kumuuliza.

Nimemrudia yule mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Soma taratibu. Ukame umekausha nchi, mama wa watu anaokota kuni mbili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, wafe. Ana konzi ya unga kwenye pipa na mafuta kidogo kwenye chupa. Nabii Eliya, mgeni aliyekuja kumwomba maji, anamwahidi kwamba pipa halitapunguka wala chupa haitaisha mpaka mvua inyeshe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba pipa lilijaa. Yule mama aliinama, akachota, akakanda, wakala. Kesho yake akainama tena kwenye pipa lile lile. Jirani ambaye angechungulia ndani angesema, maskini, unga wake unaishia leo. Na kila siku angesema hivyo hivyo. Wewe unaishi ndani ya sura hiyo. Niambie, tangu malipo ya shemeji, mumeo, yakwame kwa mkandarasi, ni usiku gani watoto wamelala bila kitu? Si wewe uliyenisimulia habari za yule mteja aliyekuja kulipa deni la vitumbua ulilokwisha kulisahau, siku ambayo hata sukari hukuwa nayo?

Mana ya Waisraeli kule jangwani nayo ilikuwa hivyo. Pishi moja kwa kichwa, na aliyeweka ya kesho aliikuta ina mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita, iliyokuwa ya Sabato. Miaka 40! Ila jua likipanda iliyeyuka, kwa hiyo aliyetaka kula aliamka mapema. Ndiyo maana sikuambii ukae uombe tu. Vitumbua vyako vya saa kumi na moja alfajiri ni sehemu ya maombi yako.

Sasa lile la mkopo wa kausha damu. Umesema kuna mtu yuko tayari kukupa laki tatu ukiweka friji rehani. Nakusihi, usiende. Marejesho ni kila siku, umeuza hujauza, na wakija kubeba vyombo hawaulizi mtoto amekula nini. Kinachokusukuma kule ni hofu ya mwezi ujao. Leo umekula. Yesu alitufundisha kuomba riziki ya leo, na naamini alijua vizuri jinsi mama anavyokosa usingizi kwa hesabu za kodi ambayo siku yake bado.

Wala mtu asikwambie kwamba mkandarasi kumnyima shemeji jasho lake ni mpango wa Mungu. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vimemfikia Bwana wa majeshi. Shemeji aende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ajaze fomu ya madai. Dai la malipo linafunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, kwa hiyo asiendelee kungojea ile ahadi ya "wiki ijayo". Abebe chochote chenye jina lake: meseji za simu, karatasi za mahudhurio, hata picha alizopiga saiti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jirani zako hawajui. Unakumbuka mama alivyotusimulia habari za mwanzoni mwa miaka ya 1980, foleni kwenye maduka ya kaya, sukari hakuna, sabuni hakuna, watu wakila ule unga wa njano waliouita unga wa Yanga? Mtaa wao ulipona kwa kugawana kikombe kwa kikombe, na walioumia ni waliofunga milango wakaficha dhiki. Mungu hamtupi mja wake, lakini mara nyingi anapitia mkono wa mtu, na mtu hawezi kusaidia shida asiyoijua. Mwambie mama mchungaji. Mwambie jirani wa mlango wa pili, yule aliyekuuguzia mtoto. Hata yule mjane aliokolewa kupitia mgeni aliyekuja kuomba maji.

Jumamosi nakuja. Mkubwa nitamchukua akae kwangu likizo hii, na sare za shule nitazishughulikia, usianze kubishana nami. Kuhusu kodi, tutakwenda wote wawili kwa mama mwenye nyumba tumwombe apokee mwezi mmoja mmoja badala ya mitatu kwa mkupuo. Mwezi wa kwanza tutakuchangia mimi na shemeji yako, tumeshakubaliana. Ukiishiwa salio, nibipu, nitakupigia.

Dada yako