Jumamosi ni Kaole, si Mji Mkongwe

Habari za jioni wapendwa. Mazoezi ya kupiga picha zenye rangi sahihi ya ngozi yamehamia magofu ya Kaole, Bagamoyo. Tukutane getini saa 9:30 alasiri, tuanze saa 10 kamili.

1. Mchango sh. 5,000, wa kadi za kijivu (za kupimia rangi kwenye kamera) na soda za wanaopigwa picha. Apewe mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Kiingilio kila mtu ajilipie.

2. Kamera iwe kwenye RAW (faili ghafi la picha), flashi zibaki begini. Mizani ya rangi (white balance, mpangilio wa kufanya nyeupe ionekane nyeupe) isiwe "auto", inabadilika picha hadi picha: kwenye ukuta wa matumbawe uso uko sawa, ukisogea chini ya miti umeingia kijani. Anayepigwa ashike kadi mbele ya uso, ielekee kamera na ipate mwanga uleule wa usoni. Ijaze katikati ya fremu, piga, weka mizani kwa picha hiyo. Mkihama kivulini, rudieni. Jua likianza kushuka, rudieni tena.

Na jamani, kanzu nyeupe si kadi ya kuwekea mizani! Nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya unga au kutiwa bluu huvutia kwenye bluu. Kamera inafidia kwa njano, bwana harusi anatoka kama ana manjano.

3. Tunahitaji rifleka (za kurudishia mwanga usoni) mbili nyeupe. Ya dhahabu iacheni nyumbani.

Unayekuja andika NIPO na aina ya kamera yako kabla ya Jumatano usiku. Mwenye rifleka aseme pia.